Makuta Yetu Ilikuwa Nguo



Kuna sentensi moja ambayo sisi wenye diploma tunaijua kuliko somo lolote la auditwari: "Sina makuta." Mimi nimeisema Lubumbashi, nimeisema kwetu Kongolo, na mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda kuisema Kinshasa, mahali nilipopeleka dosie ya kazi. Dosie haijajibiwa mpaka leo. Lakini safari ile ilinionyesha neno makuta linatoka wapi, na ilinifungulia hadithi ya jamaa yangu ambayo sikuijua. Njo hayo nataka kuwaandikia leo. Mwenye haraka anisamehe, maana historia ya nguo ni ndefu.

Kinshasa nilifikia kwa rafiki yangu mmoja. Nitamwita Yaya, kwa sababu ananizidi miaka mitatu na ndivyo nimezoea kumwita. Tulisoma pamoja Lubumbashi, yeye historia, mimi agronomia. Leo hana darasa la kufundisha. Anashona. Ana mashine mbili katika chumba kimoja, na wasichana wawili anaowafundisha kazi. Mimi ananiita Agro tu, kama zamani.

Siku ile ofisi ilituambia turudi kesho. Yaya akanivuta mkono: "Agro, tusibakie hapa sawa magunia. Twende kwenye makumbusho. Weye unafika Kinshasa kila siku?"

Basi tukaenda. Jumba la Makumbusho la Taifa liko kwenye Boulevard Triomphal, karibu na Palais du Peuple. Lilijengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini na likafunguliwa mwaka 2019. Watu wengi wakiingia wanatafuta kwanza ngoma na vinyago, zaidi sana kile kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu, ambacho mfalme Philippe wa Ubelgiji alikileta mwenyewe mwezi wa sita 2022. Alikileta kwa jina la mkopo usio na tarehe ya mwisho. Yaya alicheka sana: "Banatukopesha kitu chetu!"

Lakini yeye ni fundi wa nguo, hakukaa pale. Alinipeleka moja kwa moja mbele ya vitambaa vya Wakuba. Tulisimama hapo karibu saa nzima, mpaka mlinzi akaanza kutuangalia.

Kitambaa kinachotoka kwenye jani

Kilichotusimamisha kilikuwa kipande kimoja kidogo, hakizidi taulo la uso kwa mbali. Rangi yake ni ya udongo na nyekundu ya giza, kina mistari inayokatana na kufungamana kama kamba, na juu yake kina manyoya mafupi, laini, kama mahameli. Wabelgiji walikiita veluri ya Kasai. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua: "Hii pamba yake ni nzuri." Yaya akanitazama kwa huruma. Akanionyesha kibandiko. Ilikuwa rafia.

Aibu kwa agronomu! Rafia nimeisoma. Ni mtende wa sehemu za majimaji. Jamaa yake ndiyo yenye majani marefu kuliko mimea yote duniani. Aina moja, Raphia regalis, jani lake linaweza kufika mita 25. Shina linatoa maua mara moja tu, halafu linakufa. Hayo yote niliyaandika kwenye mtihani na nilipata pointi. Ila hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mtu anaweza kuuvaa mti ule.

Ginsi inavyofanyika ni hivi. Mtu anakata jani changa ambalo halijafunguka. Anabandua ngozi nyembamba ya juu kwa kisu, anaianika, halafu anaichana kwa vidole au kwa chanuo mpaka inakuwa nyuzi. Haisokotwi kama pamba. Kwa hiyo uzi hauwezi kupita urefu wa kijani chenyewe, na kitambaa hakiwezi kupita urefu wa uzi. Njo maana kila kipande ni kidogo. Ukitaka nguo kubwa, lazima ushone vipande vingi pamoja.

Kwa Wakuba, wanaume ndio wanafuma. Wanawake ndio wanaweka nakshi. Kwa ile mahameli, mwanamke anapitisha uzi wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa kwa sindano, anauvuta mpaka unabaki ncha fupi, halafu anaukata kwa kisu kidogo. Ncha mbili zinasimama. Hafungi fundo lolote. Uzi unashikwa tu na kubanana kwa kitambaa. Yaya alichuchumaa, akaweka uso karibu kabisa na kioo akitafuta kosa. Hakuliona. "Mimi na mashine yangu ya umeme," akasema, "hapa siwezi kitu." Rangi nyekundu inatoka kwenye unga wa mti wa ngula. Kipande kimoja kinaweza kuchukua miezi, kwa sababu mwanamke anakifanya akitoka shambani, akimaliza kupika, akimlaza mtoto.

Masimulizi ya Wakuba wenyewe yanasema kwamba ufundi huu ulikuja na mfalme wao mkubwa, Shyaam aMbul aNgoong, katika karne ya 17. Mji wao mkuu ni Mushenge, huko Mweka, katika Kasai. Kila nakshi ina jina lake. Kuna kisa alichokiandika mwanahistoria Jan Vansina, aliyeishi kwao katika miaka ya 1950: wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki mpya wakifikiri atashangaa. Mashine haikumgusa. Alichokishangaa ni alama ambazo magurudumu yaliacha kwenye mchanga. Akaagiza ile nakshi inakiliwe na ipewe jina lake.

Viraka

Pembeni kulikuwa na kitambaa cha namna nyingine, kirefu, kimekunjwa kwa sababu hakiingii chote. Hiki ni sketi ya mwanamke wa Kikuba ya siku za ngoma na za maziko. Sketi za namna hii zinaweza kupita mita 5 na zaidi, inazungushwa kiunoni mara nyingi. Juu ya rafia nyepesi wameshona vipande vya umbo la koma, vya duara, vya herufi L, vimetawanyika kama mtu amevimwaga.

Yaya alinieleza alivyosoma. Rafia ikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni ngumu kama mkeka. Ili ilainike, wanawake wanaiponda kwenye kinu. Ukiiponda sana inatoboka. Sasa mtu ameshapoteza wiki nyingi, hawezi kuitupa. Anakata kiraka, anafunika tundu. Kiraka kimoja kinaonekana vibaya peke yake, kwa hiyo anaongeza kingine mahali ambapo hakuna tundu. Kesho yake kiraka kinakuwa nakshi. Wengi waliochunguza nguo hizi wanaeleza kwamba huo ndio mwanzo wa mtindo.

Tena sketi kama hiyo si ya mtu mmoja. Wanawake wa ukoo wa mama wanaigawana, kila mmoja anashona sehemu yake, mwishoni zinaunganishwa. Inawekwa kwa ajili ya siku ya kifo. Marehemu anavikwa nguo hizo, kwa sababu bila nguo za kwao wale waliotangulia hawatamtambua.

Hapo nilinyamaza. Nilikumbuka blanketi moja ya nkambo wangu, mama ya baba, nyumbani Kongolo. Ilikuwa ya viraka tupu: mabaki ya vikwembe, mikono ya shati, na vipande vyeupe vizito ambavyo sikuwahi kuuliza vilitoka wapi. Yaya aliniuliza ninafikiri nini. Nilisema: "Hapana, kitu."

Yeye akatoa telefone. Katika kazi yake anafuata mafundi wa mbali wanaoshona blanketi za viraka, na alitaka nione kazi za wanawake weusi wa Marekani. Wa kwanza alikuwa Harriet Powers. Alizaliwa utumwani mwaka 1837 katika Georgia, jimbo la pamba. Alikata vipande vya pamba katika umbo la watu, nyota na wanyama, akavishona juu ya kitambaa kikubwa ili kusimulia Biblia: Adamu na Eva, Yona, Ayubu. Blanketi yake ya kwanza aliionyesha kwenye maonyesho ya pamba mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa kuchora, mwanamke mzungu, alitaka kuinunua, yeye akakataa. Miaka michache baadaye umaskini ulimbana. Aliomba dola 10, akapewa 5. Na baada ya kuiuza alirudi mara kadhaa kwenye nyumba ile, ili aione tu. Leo blanketi hiyo iko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Nyingine yake iko Boston. Ndizo mbili tu zinazojulikana kubaki.

Kisha akanionyesha kazi za wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama ambako watu wanaishi mahali pa shamba la zamani la pamba la watumwa. Wao walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa: magoti ya suruali yaliyopauka, mifuko, makoti. Walishona ili watoto wasishikwe na baridi. Mwaka 2002 blanketi zao zilitundikwa katika makumbusho makubwa ya Houston na New York, na watu waliosoma sanaa wakasimama mbele yake kama sisi siku ile.

"Unaona?" Yaya akasema. "Ni kazi moja. Wale ni bandugu zetu."

Mimi nilimwambia kufanana kwa macho si ushuhuda. Ni kweli kwamba watu wengi sana walichukuliwa kutoka pwani ya Kongo na Angola wakapelekwa Amerika. Ni kweli pia kwamba mtu yeyote mwenye nguo iliyotoboka na asiye na nyingine atafikiri kiraka, awe Kasai au Alabama. Wanahistoria wanabishana juu ya jambo hilo na mimi siwezi kulikata.

Lakini kuna uzi mmoja kati ya Kasai na Marekani ambao hauna ubishi. Mwaka 1890 alifika Kongo mmisionari mweusi wa Marekani, William Sheppard, kijana wa Virginia. Mwaka 1892 aliingia Mushenge, mji ambao mfalme alikuwa amekataza kuonyesha wageni njia yake. Wakuba walimpokea wakidhani ni mtu wao wa ukoo wa mfalme aliyekufa na kurudi. Sheppard alikusanya vitambaa vyao, na mwaka 1911 vitu vyake viliingia katika makumbusho ya Hampton, chuo cha watu weusi alichosoma. Kwa hiyo vijana weusi wa Virginia, wajukuu wa watumwa, waliweza kuiona mahameli ya Kasai chuoni kwao, miaka mingi kabla mimi sijaiona Kinshasa.

Na Sheppard hakuleta nguo tu. Mwaka 1899, wakati wa utawala wa Leopold wa pili, alikwenda mahali palipofanywa mauaji kwa ajili ya kodi akahesabu mikono ya binadamu 81 iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Baadaye aliandika jinsi biashara ya mpira ilivyowaharibu Wakuba, akashitakiwa na kampuni. Kesi ilifanyika Léopoldville mwaka 1909. Akashinda. Mtu aliyeipenda nguo ya watu aliona pia kwa nini hawana tena muda wa kuifuma.

Makuta

Tulipotoka tulikaa nje tukinywa maji baridi. Niliangalia bei ya chupa nikasema ile sentensi yetu. Yaya akasema: "Agro, weye unajua makuta ni nini?"

Nilisema ni fedha ya zamani. Mwaka 1967 Mobutu alipoleta zaïre, zaïre moja ilikuwa makuta 100. Wazee wetu walizoea, jina likabaki.

"Na mbele ya Mobutu?"

Hapo sikuwa na jibu. Kumbe katika Ufalme wa Kongo, Loango na Angola, vitambaa vya rafia vilikuwa fedha. Watu walilipa navyo kodi, mahari, faini. Makuta lilikuwa jina la vitambaa hivyo vikihesabiwa kwa mafungu. Na huko Loango kitambaa kimoja kiliitwa libongo, vingi mbongo. Wenye kusema Lingala mnasikia wenyewe. Wareno walipojenga Luanda hawakuwa na sarafu za kutosha. Katika karne ya 17 walilipa askari wao kwa nguo ya rafia. Fikirieni: mzungu mwenye bunduki anangoja mwisho wa mwezi apewe kitambaa alichofuma mtu wetu kwa jani la mtende.

Kwa hiyo ukisema "sina makuta", kwa asili unasema sina nguo. Na kwa muda mrefu fedha yenyewe ilitoka katika mikono yetu na katika mimea yetu. Niliporudi nyumbani kwa Yaya swali likabaki kichwani: tulifikaje kutoka pale mpaka hapa, ambapo kikwembe kinatoka nje na sisi tunakinunua kwa dola?

Agronomu wa kwanza

Jibu la sehemu kubwa lina jina la zao ambalo mimi nimelisoma muhula mzima. Pamba.

Kuanzia miaka ya 1910 Wabelgiji walijaribu pamba katika Maniema na Sankuru. Mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni alikuwa Edmond Leplae, profesa wa kilimo wa Louvain. Yaani, agronomu. Ndugu zangu wa fakultee, tusipite haraka hapa. Mtu huyu alitazama jinsi Waholanzi walivyowalazimisha watu wa Java kulima mazao ya kuuza, akaona ni mfano mzuri. Mwezi wa pili 1917 ikatoka sheria: mkulima wa Kongo anaweza kuamriwa kulima zao fulani, kwa ukubwa fulani wa shamba. Asiyelima anatozwa faini au anafungwa. Kiboko nacho hakikuwa mbali. Siku za lazima zilikuwa 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa mpaka 120.

Kisha mwaka 1921 nchi ya pamba ikagawanywa kwa kanda. Katika kila kanda kampuni moja tu ndiyo yenye haki ya kununua, kwa bei iliyopangwa na serikali. Mkulima hakuchagua zao wala mnunuzi wala bei. Pamba inataka mikono wakati uleule ambao mahindi na mihogo vinataka mikono: kupalilia, kutoa wadudu, kuchuma. Ukiipa pamba muda, sufuria inabaki tupu. Familia mamia ya maelfu ziliishi hivyo, kutoka Uele mpaka Lomami na kaskazini ya Katanga. Kongolo ilikuwa ndani.

Sitasema kwamba kila kitu kilikuwa giza. INEAC, iliyoundwa 1933, ilifanya utafiti wa kweli juu ya mbegu huko Yangambi, Gandajika na Bambesa, na sisi tunasoma bado matokeo yake. Lakini katika madaftari yangu pamba ilianza na jina la Kilatini, ikaendelea na wadudu, ikamalizika na mavuno kwa hekta. Mkulima hakuwamo.

Telefone ya mama

Usiku ule nilimpigia mama yangu Kongolo. Naandika maneno yake kama alivyosema.

"Mama, ile blanketi ya nkambo, ile ya viraka, iko wapi?"

"Ile uliyofunikia miche yako ya nyanya?"

Nilikuwa nimesahau. Ni kweli. Mwaka wa mwisho wa masomo nilirudi nyumbani kufanya majaribio ya kazi yangu ya mwisho, jua lilikuwa kali, nikachukua blanketi ya marehemu nkambo sandukuni nikatandika juu ya kitalu. Ilinyeshewa majuma matatu. Niliandika vizuri sana katika kitabu changu kwamba kitalu kilifunikwa na "kitambaa cha zamani."

"Ilioza," mama akasema. "Nilikatako kipande kimoja, niko nafunikia mutungi wa maji."

Nikamwuliza kama kipande hicho kina ile nguo nyeupe nzito. Akasema ndiyo, kinayo. Nikauliza ilitoka wapi.

"Ile ni mufuko wa pamba. Nkambo yako mwanaume alilima pamba ya lazima. Mwaka moja mbegu zilikatala kuota. Shamba lote. Monitere akakuja, akaangalia, banamufunga wiki mbili. Alirudia na ile mufuko tupu. Njo nkambo mwanamuke akaishona ndani."

"Mbegu zilikuwa mbaya?"

Mama akacheka kidogo. "Mbegu zilikuwa muzuri. Nkambo yako alizipika. Usiku, mu sufuria. Juu alitaka lile shamba aweke mihogo ya batoto."

"Na nkambo mwanaume alijua?"

"Alijua. Hakusema kitu."

Nilikaa kimya mpaka mama akafikiri yuniti zimeisha.

Bandugu, mimi nimefanya jaribio la kuota katika laboratwari mara nyingi. Mbegu 100 katika sahani, siku saba, unahesabu zilizoota, unaandika asilimia. Ningekuwa mimi monitere wa mwaka ule ningeandika: mbegu mbovu, ama mkulima mvivu. Hakuna safu katika karatasi yetu ya kuandika kwamba mwanamke mmoja amewasha moto usiku ili watoto wake wale. Baadaye nilisoma kwamba Msumbiji, chini ya Wareno, wakulima waliolazimishwa pamba walichemsha mbegu vilevile, ili wazungu waamini udongo wao hauifai. Wanahistoria waliandika hayo kwa kuwauliza wazee. Nkambo wangu hakuulizwa na mtu, hata na mjukuu wake aliyesoma kilimo.

Na vikwembe vyetu

Yaya alinisikiliza, halafu akaniletea piesi moja ya waksi ya mteja, yadi 6. "Hii nayo ina hadithi," akasema. Nakshi ya waksi inatoka Java, kwenye ufundi wa batiki unaofanywa kwa nta. Waholanzi waliiga kwa mashine. Kiwanda maarufu zaidi, Vlisco, kilianzishwa Helmond mwaka 1846. Nguo zilipata soko katika Afrika ya Magharibi mwishoni mwa karne ya 19, kisha zikafika mpaka kwetu. Kwa hiyo Java ilitupatia vitu viwili kwa mkono wa wazungu: mfano wa kulimishwa kwa nguvu, na nakshi ya kikwembe.

Na msifikiri Kongo haikufuma. Léopoldville kulikuwa na kiwanda cha Utexléo tangu mwisho wa miaka ya 1920, baadaye kikaitwa Utexafrica. Kiwanda kilifungwa mwaka 2007. Mahali pale leo ni nyumba na ofisi za kupangisha. Kwetu Tanganyika, wazee wa Kalemie wanakumbuka Filtisaf na king'ora chake cha asubuhi. Kisangani ilipata Sotexki yake. Uhuru, vita, barabara zilizokufa, nguo za bei ya chini na fripe, kila kimoja kilikata uzi wake. Pamba ilipungua shambani, maana mkulima alipoachwa huru alikumbuka vizuri ilimpa nini.

Hapo ninaona kazi kwa watu kama mimi. Siku hizi nasikia miradi ya kurudisha pamba, na nafikiri inawezekana. Lakini agronomu atakayeingia kijijini na mbegu mpya bila kujua hadithi hii atashangaa kwa nini wazee wanamwangalia vile. Atasema hawapendi maendeleo. Kabla ya kupima udongo aulize: hapa nani alilima pamba zamani, alilipwa kiasi gani, na mwaka ule familia ilikula nini? Majibu yatamsaidia kuliko kipimo cha pH.

Makumbusho ya Kinshasa nilifurahi kuyaona na nawashauri wanaopita kule waingie. Kile kitambaa cha Wakuba kina kioo, kibandiko na taa. Kwa wengi wetu nguo yenye historia iko sandukuni, au iko chini ya mtungi, au tayari tumeifanya kitambaa cha kupangusia pikipiki. Ukirudi nyumbani kwa kongé, fungua sanduku la nkambo. Uliza kila kipande kilitoka wapi. Andika jina la aliyekishona na mwaka kama unajulikana, piga foto, hata kama unaona ni kitu cha bure. Na uulize wakati wenyewe wangali hai. Mimi nilichelewa, nilichokipata kilipita kwa mama.

Kipande changu kiko bado Kongolo, upana wake kama mikono miwili. Nilimwomba mama asikifue tena kwa javeli. Alinijibu kwamba mutungi nao unahitaji kifuniko, kwa hiyo nimtumie kwanza makuta ya kununua kingine.

Nitamtumia.